Mjadala: Je, ni haki kumlazimisha mwanafunzi aishangilie shule yake?

Naomba tulijadili hili kwa uwazi, hasa sisi wenye watoto katika shule za sekondari za Marekani. Msimu wa michezo ukipamba moto, vipindi vinafupishwa na shule nzima inaingizwa kwenye ukumbi wa michezo. Bendi inapiga, wachezaji wanaitwa mmoja mmoja, kisha madarasa manne, la 9 hadi la 12, yanashindana kupiga kelele. Wanasema ni kujenga moyo wa shule. Anakosoma binti yangu, kuhudhuria ni lazima.

Msimamo wangu ni kwamba mikusanyiko ibaki, ulazima uondoke, na kuzomeana kupigwe marufuku.

Mwaka huu wazazi tulialikwa. Binti yangu yuko la 9. Nilimwona safu ya juu kabisa, fulana ya njano ya darasa lake imempwaya, viganja vimeziba masikio. Mshereheshaji alipolitaja darasa lao, wale wa la 12 wakazomea kwa sauti moja: "Rudini nyumbani!" Walimu wakatabasamu. Njiani aliniuliza swali moja tu: "Mama, kwani tumewakosea nini?"

Mzazi mwenzangu niliyekaa naye ana mtazamo tofauti. Kwake hiyo ni mila, hata hao wakubwa walizomewa walipoingia, na ndiyo saa pekee ambayo watoto huweka simu chini wakakaa pamoja. La kukaa pamoja nalikubali kwa moyo mmoja. Kuna kijana ninayemfahamu anayepiga tuba, lile tarumbeta kubwa la bendi, mkimya mno. Siku ile alikuwa anang'aa kama yeye ndiye aliyefunga bao. Sitaki anyang'anywe furaha ile. Lakini kuzomewa juzi hakumpi mtu ruhusa ya kuzomea leo.

Tutazame na sheria. Mwaka 1943, katika kesi ya Barnette iliyotoka West Virginia, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba shule ya umma haiwezi kumlazimisha mwanafunzi kuipigia saluti bendera ya taifa. Hukumu ile haikuzungumzia michezo, na sidai kwamba inakataza mikusanyiko. Nauliza tu: ikiwa mtoto ana haki ya kunyamaza mbele ya bendera ya nchi, inakuwaje aandikwe mtoro kwa kutokwenda kuishangilia timu?

Iko na kesi ya Fraser, ambayo naona watu huisahau. Mwaka 1983 Matthew Fraser, mwanafunzi katika jimbo la Washington, alimpigia debe mwenzake aliyegombea uongozi, mbele ya wanafunzi wapatao 600, kwa hotuba iliyojaa mafumbo ya ngono. Shule ikamsimamisha masomo. Mwaka 1986 Mahakama ikaiunga mkono shule kwa kura 7 dhidi ya 2: shule inaweza kudai adabu kwenye mkusanyiko wake. Sasa, kama aliyeshika kipaza sauti anadaiwa adabu, kwa nini mamia walioketi kwenye ngazi za watazamaji wasidaiwe pale wanapowageukia wadogo zao?

Halafu masikio. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama kazini, inashauri mtu mzima asikae kwenye kelele za desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Zikifika 100, muda unashuka hadi dakika 15. Mkusanyiko ule ulichukua dakika 50, ndani ya kuta za matofali, na ngoma mbele. Hakuna aliyegawa hata vizibo vya masikio.

Ninachopendekeza si kigumu: maktaba iachwe wazi na mwalimu mmoja, anayetaka kukaa huko akae bila kuandika barua ya kujieleza. Shule ambazo watoto wenu wanasoma, zimewahi kujaribu hivyo? Na nyie walimu, mkisikia "rudini nyumbani," kinachowazuia kusimama ni nini?