Teke la paja lakingwa kila mara

Swali (Shela, Lamu): Jamani, jioni maji yakishakupwa twafanya kikiboksi (mchezo wa ngumi na mateke) ufuoni. Kila nikirusha teke la paja, mwenzangu huinua goti. Muundi wangu umevimba. Nakosea wapi?

Jibu (Malindi): Pole ndugu yangu. Warusha teke kavu, bila ngumi. Anza na jebu (ngumi ya haraka ya mkono wa mbele) usoni, ngumi ya kulia, kisha “huku” (ngumi ya kuzungusha) ya kushoto. Ngumi hiyo ya kuzungusha humfanya mwenzako aegemee mguu wa mbele, na mguu uliobeba uzito hauinuki upesi. Hapo ndipo upige, kwa muundi, si kwa wayo! Toka kidogo pembeni kwanza. Mimi nilichukua miezi kulielewa hilo.

Muulizaji: Na mguu wa kusimamia wazama mchangani?

Jibu: Sogeeni kwenye mchanga mgumu. Na vaeni kinga za miundi, tafadhali.