Kama tumo kwenye Jumuiya tuwemo kweli, sisi wa mahindi Kibaigwa tumechoka kuyumbishwa

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa soko la nafaka Kibaigwa, mkoani Dodoma, na hasira zimenijaa. Jana jioni kwenye kijiwe cha kahawa vijana walikuwa wanashangilia eti Tanzania ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki, Wakenya wanatudharau. Ni vijana hawahawa ambao bei ikipanda Nairobi wanagombania semi-trela, kila mmoja anataka mzigo wake upakiwe kwanza. Debe likiwa na bei, Jumuiya ni ndugu zetu. Likishuka, Jumuiya ni wezi. Na wakubwa nao hawana tofauti na vijana wa kijiweni, ila wao wakibadilika sisi tunafilisika.

Machi 2021 nilikuwa nimekusanya mahindi Kiteto, gunia 280, nusu ya hela ni ya mkopo. Lori limeshafika Namanga, mpakani na Kenya, tarehe 5 Kenya ikatangaza mahindi ya Tanzania na Uganda yana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hayaingii. Hakuna aliyetuonya hata siku moja kabla. Baada ya siku chache wakalegeza kwa masharti ya vyeti, na vyeti vyenyewe hatukujua vinatolewa wapi. Dereva analala chini ya gari, mvua inanyesha, turubai linavuja, gunia za juu zimeanza kuota. Mnunuzi naye, aliyekuwa ananipigia mara tatu kwa siku, akaacha kupokea simu. Mei Rais Samia akaenda Nairobi, mambo yakatulia, magari yakapita. Nilifurahi, wallahi. Lakini mimi nilikuwa nimeshauza ng'ombe wanne kulipa deni.

Sasa msiniambie Kenya ndiyo mbaya peke yake. 2017 ni Serikali yetu wenyewe iliyozuia mahindi yasitoke, mkulima akabaki na mzigo ndani, bei ikaanguka mpaka watu wakaacha kupalilia. Mwaka huohuo pale Namanga tukachoma moto vifaranga 6,400 kutoka Kenya. Vifaranga hai, wakuu! 2023 likaja suala la vibali vya kusafirisha nje, magari yakapanga foleni mipakani wakati mzigo umeshanunuliwa. Naelewa nchi lazima ilinde chakula chake, nami nina watoto wanaokula ugali. Ninachouliza ni kwa nini tunaambiwa katikati ya msimu, hela zetu zikiwa barabarani.

Kuna mtu ataniita mpenda Wakenya. Sikiliza. Bunge letu hapa Dodoma lilipokataa mkataba wa biashara wa Jumuiya na Ulaya mwaka 2016, niliunga mkono. Kwenye soko la pamoja la 2010 tulisema ardhi ibaki chini ya sheria zetu, ikaandikwa, wenzetu wakaweka saini. Hakuna aliyeshtukizwa wala lori lililozuiwa njiani kwa sababu ya ardhi. Huo ndio msimamo ninaouheshimu. Hata Kikwete, Rais wa wakati ule, Novemba 2013, Kenya, Uganda na Rwanda wakiwa wanakutana bila sisi, alisimama bungeni hapahapa akasema hatutoki kwenye Jumuiya. Siku ile nilijiona mtu mwenye nchi.

Kwa nini mahindi yasipewe heshima iliyopewa ardhi? Kaeni mezani, andikeni: ghala la Taifa likipungua hadi kiwango hiki tunafunga, likijaa tunafungua, na taarifa inatoka kabla ya mavuno. Kenya nao waandike wanapima sumukuvu kwa kipimo gani, nasi tupimiwe hapa sokoni kabla ya kupakia, siyo mpakani. Jumuiya hii ilishavunjika mara moja, 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Wazee wa hapa wanaikumbuka ile miaka. Vijana wanaopiga kelele za kujitoa hawajawahi kuuliza.

Na ninyi wabunge, mkitoka bungeni kwenda Dar mnapita hapahapa Kibaigwa. Simamisheni gari hata nusu saa muwaulize wapagazi wanashinda na shilingi ngapi siku ambazo mpaka umefungwa.

Nina gunia 300 stoo, safi, zimechekechwa. Mnunuzi wa Nairobi ananipigia tangu juzi na sijamjibu, naogopa. Aliyevuka mpaka wa Namanga au Holili wiki hii aseme hapa wanadai karatasi gani, na kama mzigo ulipita.