USHAURI: Binti kapangwa kusoma risala Siku ya Mtoto wa Afrika, nimekwama

BabaTatu: Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, matusi hapana. Nina binti wa miaka 14, kidato cha pili, yuko baraza la watoto la wilaya. Tarehe 16 Juni anasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Kapewa iliyochapwa, kurasa mbili, shukrani tupu. Yeye kaandika yake kwa penseli nyuma ya daftari la hisabati, hiyo nyingine anasema hasomi. Nimzuie? Siku ya pili silali.

MaembeDodo: Mwache. Mimi darasa la sita nilipangwa kumpa waziri maua. Tumesimama juani toka saa mbili, kaja saa nane, maua yameshalala. Nikaambulia soda ya moto.

Bi Mshumaa: Watoto wa siku hizi midomo! Sisi ulikuwa unaitwa, unatoa shikamoo, unarudi jikoni.

WakiliWaKijiweni: Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11: mtoto asinyimwe kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki maamuzi yanayogusa ustawi wake. Na siku yenyewe ni ya wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi 1976 wakikataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Sasa unamwandikia mtoto cha kusema siku hiyo hiyo? Daftarini kuna nini?

BabaTatu: Mambo ya kawaida tu ya shule.

WakiliWaKijiweni: Yapi?

BabaTatu: Vyoo. Wasichana 412, matundu sita, mawili hayana milango. Mwongozo unasema tundu moja kwa wasichana 20. Kasimama na saa wakati wa mapumziko, kahesabu wanaorudi darasani bila kuingia. Mwisho anauliza: yalipangwa kumi, manne yako wapi?

MaembeDodo: Sasa wewe jasho la nini?

BabaTatu: Haya. Niko kamati ya ujenzi ya shule. Nilisaini kwamba kumi yamekamilika. Tuliambiwa tusaini, yatamaliziwa. Shilingi sijala. Nimeshaongea na mwalimu wa malezi, asome mtoto mwingine. Simnyimi sauti, namkinga.

Kijiko: Unamkinga yeye au saini?

MpeleleziMstaafu: Chai hii, wakuu. Mwezi wa pili jamaa huyu alifungua uzi anatafuta jina la mtoto wake wa kwanza. Leo ana binti kidato cha pili? Tupia picha ya daftari.

Kijiko: 😂😂 Chai yenye tangawizi. Nilishaanza kulia.

BabaTatu: Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea toka ana miaka mitatu. Picha siweki, mwandiko wake unajulikana.

Sikujua: Hata kama ni chai. Mimi nilikuwa baraza la watoto. Tuliitwa ukumbini kutoa maoni, tukaandika kwenye vikaratasi vya rangi, tukabandika ukutani. Tunakula wali, mhudumu akavibandua vyote, ndoo ya taka. Wakubwa wanamwangalia.

Bi Mshumaa: Wali wa nyama?

Sikujua: Maharage.

BabaTatu: Nimerudi. Mwalimu kampa mwingine, rafiki yake. Binti hata hakununa, nikashukuru Mungu. Jioni hii wako uani wanafanya mazoezi wote wawili. Nimetega sikio dirishani. Siyo ile ya kuchapwa.