Mrejesho: manesi wodini na kunawa mikono

Habari zenu wakuu, mimi ndo yule inchaji wa wodi ya upasuaji niliyeuliza nifanyeje, manesi wanazijua zile nyakati 5 za WHO (Shirika la Afya Duniani) za kunawa mikono ila wanatoka kitanda hiki kwenda kile bila kunawa. Wengi mlisema semina, mmoja akasema kaangalie sinki kwanza, na kweli bwana. Koki zimekufa, sabuni hamna, nesi yuko peke yake usiku na wagonjwa kibao, kunawa kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60, sasa atoke mpaka korido kila mara saa ngapi?

Nikawaomba mganga mfawidhi na metroni wazunguke wodini waone wenyewe. Sahivi famasia inachanganya sanitaiza kwa fomula ya WHO, ethanoli asilimia 80, chupa iko kila kitanda, sekunde 20 mpaka 30 umemaliza. Na metroni akipita anaanza kunawa yeye mbele ya watu, hicho kimebadilisha mambo kuliko mabango yote.

Kingine kilichonifurahisha, uongozi umetamka wazi kwamba aliyechomwa na sindano aripoti na hatagombezwa, maana walikuwa wanaficha kabisa wakati dawa za PEP, zile za kuzuia usipate VVU, lazima zianze ndani ya masaa 72, na mapema zaidi ndo bora.

Bado glavu, zinakata kabla mwezi haujaisha. Barua nimeshapeleka kwa mfawidhi, akijibu nitawaambia.