Ramani ya mtandaoni wakati wa maafa: alama zikishajaa, nani anazishughulikia?

Kurunzi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu cha watu wa kujitolea kinakusudia kuandaa ramani ya mtandaoni ambayo, mafuriko au tetemeko likitokea, mwananchi yeyote ataweza kuweka alama mahali panapohitaji msaada, na mwenye mashua, gari au nafasi ya kuhifadhi watu ataweza kujitokeza. Programu huria za kazi hiyo zipo. Hofu yangu ni kwamba tutakuwa na ramani iliyojaa alama huku waokoaji wakiwa hawajui ipi ishughulikiwe kwanza na ipi imekwisha kupitwa na wakati. Wenye uzoefu wanalitatuaje jambo hili?

Nanga

Ndugu Kurunzi, kwanza tenganisha ramani mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Ipo ramani ya msingi, yaani barabara, madaraja, majengo na zahanati, na ipo ramani ya taarifa zinazotumwa na watu. Tetemeko la Haiti la Januari 12, 2010 lilizihitaji zote mbili kwa wakati mmoja. Ramani ya mji mkuu, Port-au-Prince, kwenye OpenStreetMap, yaani ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ilikuwa na mapengo mengi. Picha za setilaiti zilipotolewa bure, watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walichora barabara na majengo kwa siku chache tu, na waokoaji waliokuwa huko wakaitumia kazi yao.

Taarifa za watu zilipitia Ushahidi, jukwaa lililoanzishwa Kenya mwaka 2008 kukusanya habari za ghasia zilizofuata uchaguzi. Wahaiti walituma ujumbe mfupi kwa namba 4636, wengi wakiandika kwa Kikrioli, na Wahaiti waishio ughaibuni wakautafsiri na kutambua mitaa iliyotajwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na uzito wa kazi, kwa sababu mtu anayesema yuko «nyuma ya kanisa, karibu na kisima» hajataja latitudo wala longitudo, na kompyuta haiwezi kumpata. Anayeweza ni mtu anayekijua kisima hicho.

Zamu

Ninakubaliana na Nanga, ila swali la Kurunzi lilihusu kuratibu, na kukusanya taarifa si kuratibu. Mfano ulio karibu zaidi ni moto wa misitu nchini Urusi mwaka 2010, ambapo ramani ya msaada iliyojengwa juu ya jukwaa hilohilo la Ushahidi iliorodhesha wenye shida na wenye cha kutoa, na nyuma yake walikuwapo waratibu waliounganisha pande hizo mbili. Pasipo watu wa namna hiyo, alama moja huvuta magari kumi na ya jirani yake haipati hata moja.

Chukua taarifa kama hii: «Tupo juu ya paa, watu sita, mama mmoja ni mjamzito, maji yanapanda.» Kabla haijafika kwa mwenye mashua, mwenye zamu anapaswa kumpigia aliyeituma, aulize kama bado wapo, ahakikishe kwamba si taarifa iliyokwisha kutumwa na jirani kwa maneno mengine, kisha aipe hali mojawapo: haijahakikiwa, imehakikiwa, imechukuliwa na fulani, imekamilika. Hali ya «imechukuliwa» ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nayo ndiyo inayozuia watu kurundikana mahali pamoja. Ikiwa hamna watu wa kushika zamu usiku na mchana, afadhali msifungue ramani ya kupokea maombi; chagueni kuchora ramani ya msingi, kazi ambayo inafaa zaidi ikifanywa kabla ya maafa. Nchini Nepal, Kathmandu Living Labs, shirika la huko la uchoraji wa ramani za kidijitali, walikuwa wamekwisha kuingiza shule na hospitali nyingi kwenye OpenStreetMap kabla ya tetemeko la Aprili 25, 2015.

Mizani

Naomba kuongeza tahadhari. Alama inayoonyesha hadharani nyumba yenye watoto peke yao, au nyumba iliyohamwa, humfikia mwokoaji na mwizi kwa pamoja. Jina na namba ya simu vibaki kwa waratibu, na umma uonyeshwe eneo kwa ujumla. Vilevile, msiwaachie watu walio mbali kuamua ni nyumba zipi zimebomoka kwa kutazama picha za setilaiti peke yake, kwani picha iliyopigwa kutoka juu huonyesha paa zima hata kuta zilizo chini yake zikiwa zimepasuka.

Kurunzi

Nashukuruni. Zamu, ikiwa aliyetuma taarifa hapokei simu, iondolewe baada ya muda gani?

Zamu

Usiiondoe kwa sababu ya ukimya, maana simu huzima chaji na minara huanguka. Ibadilishe rangi, iandikwe saa ya mawasiliano ya mwisho, na atakayepita karibu na hapo aombwe kuthibitisha. Muda wenyewe hutegemea aina ya shida: ombi la kuokolewa kwenye maji lipitiwe upya kila baada ya dakika chache, ilhali ombi la mahema linaweza kungoja hadi kesho yake. Ratiba hiyo ikubaliwe na kikosi cha uokoaji mapema, kwa kuwa mwenye ruhusa ya kuifunga taarifa ni yule aliyefika mahali penyewe.