Picha ya OCT ya macho ina faida gani kama ugonjwa ni wa kurithi na hauna dawa?

Mwana Ngamiani
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, toka utotoni giza likiingia tu haoni, kujikwaa kwenye stuli na kupiga teke ndoo ya maji ilikuwa kawaida mpaka tukawa tunamtania, kumbe ni retinaitisi pigmentosa (RP), ugonjwa wa retina, lile pazia la ndani nyuma ya jicho, ya kurithi, mjomba wetu naye alikuwa hivyohivyo. Sasa miezi 3 hii hata mchana meseji za simu hazisomi vizuri, anasema katikati kuna ukungu. Daktari kaandika OCT na picha nyingine inaitwa otofluoresensi. Bimkubwa anasema hela ya nini wakati walishatuambia dawa hakuna, halafu jirani kamtisha binti eti wanachoma sindano ya rangi, yeye alichomwa akatapika na mkojo ukatoka njano. Naombeni ushauri.

Kibatari
Mkuu mpeleke. Hizo mashine ndio kazi yangu. Kwanza jirani hajadanganya ila alipigwa kipimo kingine, kile cha rangi ya fluoresini kwenye mshipa wa mkono. OCT haina sindano, haina mionzi kama eksirei, unaweka kidevu kwenye mashine unaangalia alama, mwanga unapita, sekunde chache kwisha. Labda awekewe matone ya kupanua mboni, hapo mwanga utamsumbua masaa kadhaa basi.

Sasa faida. RP huwa inaanza kula pembeni, katikati panabaki mpaka baadaye sana, so ukungu wa katikati uliokuja ndani ya miezi 3 usiuache. Inaweza kuwa maji yamejaa kwenye makula, yaani katikati ya retina, na RP hiyo hutokea sana. OCT inaionyesha retina kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka kama umekata chapati ya kusukuma, maji yakiwepo unaona vishimo vyeusi katikati ya tabaka. Na hayo maji YANA dawa, kuna vidonge vya asetazolamaidi na matone ya dozolamaidi, sio wote wanapata nafuu ila wengi inasaidia. Pia waangalie mtoto wa jicho, wenye RP humpata mapema na yeye anaoperesheka. Kwahiyo "hakuna dawa" ni ya ugonjwa wenyewe, sio ya kila kinachokuja nao.

dogo_wa_stendi
Mpe juisi ya karoti na vidonge vya vitamini A kaka, mbona kuna jamaa alipona

Mama Wawili
@dogo_wa_stendi taratibu baba. Mimi nina Stargardt, ugonjwa mwingine wa makula, nayo ya kurithi, na sisi vidonge vya vitamini A tunakatazwa kabisa, uchafu unaoitwa lipofusini unazidi kujaa nyuma ya retina. Magonjwa haya hayafanani. Mwenzenu nilibadilishiwa miwani mara 4, mwalimu akaniita mvivu, daktari mmoja akanimulika akasema jicho zima halina kitu, nyumbani wakaamini najifanya. Ilipopigwa hiyo otofluoresensi ndio kila mtu akanyamaza, mwanga wa bluu unafanya lipofusini ing'ae, kwahiyo vidoa vinawaka na pale katikati palipokufa panabaki peusi tii. Nililia, lakini kwa kufurahi jamani.

Mwana Ngamiani
Asante sana aisee. @Kibatari na kwake yeye hiyo ya bluu itaonyesha nini?

Kibatari
Kwenye RP mara nyingi inatoka pete inayong'aa kuzunguka makula. Ndani ya pete ndio bado pazima pazima, na pete inasinyaa kadiri miaka inavyoenda, so mnaitunza picha ya leo mnalinganisha na ya mwakani. Hata ile tiba ya jeni ya Luxturna iliyopitishwa Marekani Desemba 2017 ni ya wenye hitilafu ya jeni la RPE65 tu, na lazima seli hai ziwe zimebaki, OCT ndio inasaidia kujua kama zipo. Ombeni mpewe nakala, msiache zibaki kwenye kompyuta za hospitali.

Mwana Ngamiani
Nimemsomea bimkubwa yote, kakubali, J3 tunaenda. Ila binti akimeza septrini anavimba midomo, haina shida na hivyo vidonge?

Kibatari
Hapo umefanya la maana kuuliza. Asetazolamaidi na hayo matone wote ni ukoo wa salfa, septrini nayo ina salfa. Mwambieni daktari kabla hajashika kalamu, yeye ndio ataamua. Picha lakini apige tu, yenyewe haina dawa ndani.

Mwana Ngamiani
Poa mkuu. Nimeandika kwenye karatasi nimebandika juu ya kadi yake ya kliniki.