Mfuko wetu mdogo wa mapambo ya sanaa: tuanze na tuzo, ruzuku, mihadhara au ziara?

MwekaHazina:
Wakuu, habari za leo. Tuko watu kumi na mmoja tunaopenda mapambo ya sanaa ya kuvaa mwilini, yaani yale ambayo msanii anayatengeneza akiwa na jambo la kusema, hata kama ametumia karatasi au plastiki, siyo yale ya kupimwa kwenye mzani wa sonara. Tumechanga mwaka mzima na akiba ipo, ingawa si ya kutisha. Kikao cha mwisho kimetugawa. Nusu wanataka tuzo, tena wameshachora mpaka ngao ya mshindi. Wengine wanataka ruzuku, mihadhara, au ziara za kuwatembelea wasanii. Mimi hela ninazo mkononi na msimamo sina. Mlio kwenye fani, ni kipi kiliwasaidia kweli?

Kidani_Kizito:
Tuzo, mkuu. Maonyesho ya mapambo ya Schmuck, kule Munich Ujerumani, yapo tangu 1959, na Tuzo ya Herbert Hofmann inatolewa hapo tangu 1973. Anayeipata haulizwi tena yeye ni nani. Jina ndilo linalofungua milango.

TupaNaLehemu:
Mweka hazina, hiyo ngao iwekeni kabatini kwanza.

Nina miaka kumi na tisa kwenye meza ya kazi, na fomu za ruzuku na tuzo nimejaza mara nne. Nitakueleza ya mara ya tatu. Nilitengeneza bizimu, yaani pambo la kubana kwenye nguo kwa pini, la bati la kopo kuukuu na madini ya fedha, wiki tano nzima. Mbele limetulia tu, kama kipande kilichookotwa. Mambo yote yako nyuma: bawaba ndogo, pini, na mistari niliyochonga mahali ambapo anayelivaa pekee ndiye anajua ipo. Fomu ikataka picha tano, za mbele, kwenye mandhari nyeupe. Mpiga picha alinitoza zaidi ya bei ya fedha niliyoyeyusha. Jibu likaja baada ya miezi: kazi yangu ni "bapa mno". Bapa! Nilicheka, halafu nikakaa siku mbili sishiki tupa.

Bizimu hilohilo, baadaye, likawa mezani walipokuja wageni tisa kwenye karakana yangu kwa ziara. Mama mmoja akaliokota, na kabla ya kusema lolote akaligeuza. Nikajua huyu anaelewa. Akalibana kwenye koti, koti likalegea upande mmoja. Akasema, "Fundi, linanivuta." Kweli, lilikuwa zito kwa pini moja. Nikalivunja nikaweka pini mbili. Kosa hilo picha isingelionyesha kamwe, wala mimi nisingeliona, maana bizimu nilikuwa nalishika tu, silivai.

Wanasema kizuri chajiuza. Haya yetu hayajiuzi mpaka yashikwe.

Na mihadhara msiidharau. Mwaka 1980 msanii wa mapambo Otto Künzli alitengeneza bangili ya mpira mweusi, akaiita "Dhahabu Inapofusha". Ndani ya mpira kuna kipira cha dhahabu, hakionekani. Ukiiona picha utaona mpira wenye uvimbe, basi. Anayeivaa hana budi kuamini tu kwamba dhahabu imo. Sasa hadithi hiyo utaipata wapi kama hakuna mtu wa kusimama mbele ya watu akaisimulia?

MwekaHazina:
Asante sana fundi. Kwa hiyo ruzuku tuifute?

TupaNaLehemu:
Hapana, usinielewe vibaya. Ila muangalie mnampa nani. Tuzo nyingi zinawafuata vijana, na ni haki yao. Lakini fundi aliyekwisha kupita umri huo, ana watoto na madeni ya vifaa, hamna anayemkumbuka. Art Jewelry Forum, shirika la mapambo ya sanaa la Marekani lililoanzishwa 1997, ina ruzuku ya Susan Beech ya dola 20,000 kwa wasanii walio katikati ya safari yao ya kazi. Ilianza kutolewa 2017. Ninyi hamna kiasi hicho, sawa. Basi lipieni vitu vidogo vinavyotukwamisha: picha (na ya nyuma, tafadhali!) na kusafirisha kazi. Hapo kwenye kusafirisha ndipo pagumu, maana kampuni nyingi za vifurushi ukitaja vito tu zinakataa kukukatia bima.

Ziara nazo zina adabu yake. Msizidi wanane, meza ni moja. Msanii mlipeni siku hiyo, kwa sababu hafanyi kazi nyingine. Na jamani, msianze kupatana bei mbele ya moto wa lehemu.

Sanduku_la_Bibi:
Naongezea upande wa wakusanyaji. Helen Drutt alikuwa na nyumba ya sanaa Philadelphia, Marekani, huku akifundisha historia ya sanaa za mikono na akijikusanyia mapambo kidogo kidogo. Mwaka 2002 mkusanyo wake ukachukuliwa na makumbusho ya Museum of Fine Arts ya Houston. Kufundisha na kukusanya alivifanya pamoja, mtu yuleyule. Hao watu kumi na mmoja wenu, je, wenyewe wanavaa? Maana nimeona vikundi vya wapenzi wa mapambo ambavyo kikaoni kila mtu kifua kitupu.

Kidani_Kizito:
Hapo kwa Sanduku nimeguswa, ngoja nitoke. Lakini tuzo bado naitetea. Majaji wakikutana na kazi yenyewe badala ya picha, lawama ya fundi inakwisha.

TupaNaLehemu:
Hapo tumekubaliana. Tatizo ni nauli ya kuifikisha mbele yao, ndiyo maana nilitaja usafirishaji.

MwekaHazina:
Nimewasomea wenzangu yote jana usiku, tumeamua. Ziara mbili mwaka huu, mhadhara mmoja, kilichobaki kiende kwenye picha na usafiri. Wa ngao wamenuna kidogo. Na nimekagua: tulikuwa kumi na mmoja, waliovaa walikuwa watatu, mimi simo. Fundi, lile bizimu la pini mbili bado lipo?

TupaNaLehemu:
Lipo. Picha sikutumii. Njooni, msizidi wanane.